Mtoto Aliyeugua Peke Yake

Muuguzi anapofuta mkono wangu kwa spiriti kabla ya dripu yangu ya kila mwezi, harufu ile hunirudisha hospitalini Uvira, nilipokuwa mtoto. Tulikuwa tumekimbia mapigano ya Bwegera, na masikio yangu yalikuwa yanatoka usaha tena.

"Ni vita, mama. Watoto wote wanaugua," daktari alisema, akitufungulia mlango tutoke.

Mama akamsukuma mbele dada yangu, mzima, akitafuna muhogo.

"Hawa wanalala mukeka moja. Vita iko ya sisi wote. Mbona masikio inaoza ya huyu tu? Minye sitoki hapa."

Akaketi kwenye kiti cha daktari.

Daktari akafunga mlango, akaanza kuuliza upya, tangu nilipozaliwa. Damu yangu ilipopimwa, ikaonekana nilizaliwa na upungufu wa kinga, si ule wa UKIMWI, unaohitaji dripu kila mwezi.

"Si nilisema?" mama akamwuliza daktari.