Ukuta wa Baba Usio na Lango

Jiwe likipasuliwa hutoa harufu. Si wengi wanaoijua, maana mawe ya mjini tunayakuta yamekwisha chongwa na kupangwa, lakini mimi naijua. Inakaribia ile ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, na ndani yake mna ubaridi wa udongo. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Queensbury, London, alileta mafundi wamtengenezee ukingo wa bustani, wakaanza kugonga mawe kwa nyundo chini ya dirisha langu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Uso ukaniwaka moto, mtu mzima mimi, mama wa watoto, nikafunga dirisha kana kwamba wale mafundi walikuwa wakinisengenya.

Naomba mnisikilize, na mkitaka kucheka, chekeni kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu, Ochieng, ni Mluo wa Migori, na mama ni Mtaita, kwa hiyo lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili, maana hakuna aliyekubali kujifunza ya mwenzake. Mimi niliyezaliwa London nilikielewa chote na kujibu kwa Kiingereza. Baba alifanya kazi kwenye makao ya kutunza wazee, akiwaogesha na kuwalisha, na mikono yake ilinukia sabuni ya hospitali hata siku za mapumziko. Hakuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa habari ikifika kwenye ukuta wa kwao. Hapo hukumzima.

Utotoni alichunga mbuzi karibu na Thimlich Ohinga. Ni boma la kale la mawe, lina ukuta mrefu kumshinda mtu mzima, mpana kiasi cha mbuzi kutembea juu yake, na hakuna tone la saruji wala udongo wa kushikiza. Mawe yamekaliana tu, makubwa nje na ndani, madogo yamejazwa katikati. Waliolijenga walishasahaulika zamani, hata wazee wa babu walilikuta lipo. Malango yake ni mafupi, yameezekwa bamba refu la jiwe juu, na anayeingia lazima ainame, awe chifu au mwizi. Baba aliyasimulia hayo mezani akipanga matonge ya ugali kwenye ukingo wa sahani, tonge juu ya tonge, mpaka mama aseme, "Baba Akinyi, hicho ni chakula, si mawe."

Basi siku moja mwalimu wetu, Miss Palmer, alituonyesha picha za kuta za kale. Tuliona za Peru, mawe makubwa kama gari yaliyobanana hata kisu hakipiti, kisha za Zimbabwe, zilizopinda vizuri kama ubavu wa chungu. Darasa zima likasema waaa. Mimi, ambaye kwa kawaida sikuwa na la kusema isipokuwa kwamba nina njaa, niliinua mkono. Nikasema baba yangu ametoka kwenye ukuta kama huo. Wakanigeukia wote. Kule kugeukiwa kulikuwa kutamu, nawaambia kweli, na utamu ule ndio ulionifanya niongeze kwamba baba anajua kuujenga.

Baba yangu hakuwahi kujenga hata banda la kuku.

Jioni ile mama aliporudi na mimi nyumbani, hakukaa hata chini. "Baba Akinyi, yule mwalimu wa mtoto amenishika hapo gate. Anataka ukuje class yao Ijumaa, uwaonyeshe vile watu wenu walikuwa wanajenga na mawe. Anasema mtoto amesema wewe ni fundi."

Baba akanitazama. Nilijua ananiuliza kwa macho, nami nikajishughulisha na zipu ya begi. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyealikwa mahali baada ya miaka mingi ya kutoalikwa. "Sawa," akasema. "Nitabadilisha shift."

Mawe aliyapata kwa Kantibhai, mwenye duka la pembeni, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye alikuwa na mawe ya bustani ya maua yamerundikana nyuma ya nyumba. Mimi na baba tulikwenda Jumatano na kigari cha mama cha kubebea mboga. "Chukua, Ochieng, chukua yote," Kantibhai akasema, "lakini lile kubwa acha, mungu wetu Ganesh amekaa juu yake." Baba alichagua jiwe mojamoja, akiligeuza na kulipima kiganjani. Aliokota pia bamba moja refu jembamba, akalifunga ndani ya taulo. Hilo la lango, akaniambia. Njia nzima kigari kililia kama kinakufa, na mimi nikawa nakisukuma kwa fahari.

Ijumaa alikuja amevaa suti yake ya kanisani, akivuta kile kigari. Miss Palmer alikuwa ametandika nailoni sakafuni, na baba alipotoa nyundo ili apunguze jiwe moja lililokataa kukaa, alimkimbilia na miwani ya plastiki ya kukinga macho, akamvika. Suti, tai, na miwani ile. Watoto walicheka, lakini kicheko kizuri, na baba akacheka nao. Akagonga. Harufu ile ikajaa darasa.

Kwa muda nilikuwa mtoto mwenye bahati kuliko wote waliokuwamo mle. Baba alipiga magoti akapanga mawe kwa mviringo, safu ya nje, safu ya ndani, akajaza vipande katikati, huku akieleza kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba jiwe halilazimishwi, linatafutiwa mwenzake. Safu moja ilianguka mara mbili, akarudia. Watoto walisogea na kusogea mpaka wakawa wamemzunguka. Msichana mmoja ambaye hakuwahi kunisemesha alinishika mkono akauliza kama kwetu bado kuna watu wanaishi ndani ya boma. Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa chochote.

Mviringo ulibaki na pengo moja, na kando yake lile bamba refu.

"Hapo ndipo mlango?" mvulana mmoja akauliza.

"Ndiyo, lango," baba akasema. Akafungua taulo, akaliinua bamba kwa mikono miwili, akalisogeza juu ya pengo. Akasita. Nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vyeupe kwa vumbi. Alikaa vile kwa muda ambao ulianza kuwa mrefu, kisha akalirudisha bamba kwenye taulo na kulifunika.

"Samahani, Miss," akasema. "Mwisho wangu ni hapa. Lango siwezi."

"Umekaribia kumaliza, Bwana Ochieng," Miss Palmer akasema kwa upole. "Ni hilo moja tu."

"Siwezi."

Hakueleza zaidi. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba hajui. Mwingine akalirudia kwa sauti, hajui, kumbe hajui. Na kama vile ukuta nao ulikuwa unasubiri kusikia hivyo, upande mmoja wa pengo ukateleza, mawe yakaporomoka moja baada ya jingine, la mwisho likabiringika mpaka chini ya meza ya mwalimu. Darasa likalipuka. Safari hii hakikuwa kicheko kizuri. Baba, bado na miwani yake, akainama kulifuata jiwe chini ya meza, suti imempanda mgongoni, naye pia akicheka.

Kule kucheka kwake ndiko kulikoniumiza kuliko vyote. Nilimwonea aibu kwa suti yake, kwa Kiingereza chake, kwa soksi zake zilizoonekana alipoinama. Niliomba kengele ilie. Yule msichana alikuwa ameuachia mkono wangu, na mimi nikaufuta kwenye sketi kama umechafuka.

Muhula ule wote "lango siwezi" likawa neno la darasa. Mtu akishindwa hesabu, lango siwezi. Akidondosha mpira, lango siwezi. Nilijifunza kulisema mimi mwenyewe, tena kwa lafudhi ya baba, kabla hawajaniwahi. Mwaka uliofuata mwalimu mpya aliponiuliza kwetu ni wapi, nilimwambia Queensbury, basi. Nyumbani baba aliendelea kupanga matonge ya ugali kwenye sahani, lakini mimi nilikuwa nimeanza kula chumbani.

Nimekaa na hadithi ile hivyo kwa miaka mingi: baba alidai ujuzi asio nao, kwa sababu yangu, na akaumbuka. Hata nilipokuwa mkubwa na kumsamehe, ndivyo nilivyomsamehe. Kama mtu aliyeshindwa.

Kisha nikaenda Migori. Kaka yake baba, baba mkubwa Odhiambo, hatimaye alikuwa amehamia kwenye boma lake mwenyewe, akiwa mzee tayari, na baba hakuweza kusafiri kwa ajili ya magoti yake, akanituma nikapeleke salamu. Baba mkubwa ni mrefu, mchekeshaji, na alinipeleka Thimlich Ohinga siku ya pili tu. Kuta ni kama baba alivyosema. Nilipita lango nimeinama, nikapitisha kiganja kwenye mawe, yalikuwa na joto la jua, na hakuna jiwe lililotikisika. Tulipotoka tukakaa kivulini nje ya ukuta, nikamsimulia yale ya darasani kama kichekesho, kwa lafudhi ileile.

Hakucheka. Aliniuliza, "Hakuwahi kukuambia kwa nini?"

Akanieleza. Kwa Waluo lango ndilo linalofanya boma liwe boma. Mwanamume akishasimamisha lango amekuwa na kwake, na ndugu hufuatana kwa kuzaliwa. Mdogo akitangulia kusimamisha lango kabla ya kaka yake, amemruka kaka, na anayerukwa hivyo huhesabiwa kuwa amewekwa kwenye njia ya kaburini. Wakati ule baba mkubwa alikuwa bado anaishi kwenye nyumba yake ya ujana ndani ya boma la babu, hajajenga. Na wiki ileile baba alipokuja darasani, yeye alikuwa amelazwa hospitali ya Migori, akisubiri kupasuliwa tumbo.

"Lakini baba mkubwa," nikasema, "ulikuwa ukuta wa kuchezea! Wa watoto, juu ya nailoni!"

"Hata mimi nilimwambia hivyo. Alinipigia simu jioni hiyo, mimi niko kwa kitanda. Nikamwambia, wewe ni mjinga, umeishi kwa Wazungu miaka yote hiyo na bado unaogopa mawe ya maua? Akasema, Odhi, nililishika lile bamba, nikakuona wewe. Sikuweza." Akatikisa kichwa. "Akaniambia vile watoto walicheka, na vile alivaa miwani ya kuogelea."

"Haikuwa ya kuogelea."

"Yeye alisema ya kuogelea. Tulicheka hadi nesi akaninyang'anya simu."

Nilifurahi kusikia hivyo, nikahisi kifua kinafunguka. Kumbe baba hakuumia. Kumbe aibu ile yote nilikuwa nimeibeba peke yangu, mzigo usio na mwenyewe. Nikamwambia baba mkubwa hivyo.

Akachora mchangani kwa fimbo yake.

"Ya kuchekwa hakujali," akasema. "Lakini alisema masomo yalipokwisha siku ile ulitoka ukatembea mbele yake. Akikaza mwendo, wewe unakaza. Watoto wenzako walikuwa nyuma, hukutaka wajue mko pamoja. Mpaka mlangoni kwenu. Hiyo alinieleza bila kucheka. Aliniuliza kama yeye pia aliwahi kumfanyia baba yetu hivyo."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa. Naikumbuka harufu ya jiwe, naikumbuka rangi ya soksi, lakini barabara ile haikuwemo kichwani mwangu hata kidogo, na aliposema ndipo nikaiona yote, pamoja na mlio wa kile kigari nyuma yangu.

Baba yuko hapa London, amestaafu, hajanitajia neno hata siku moja. Jumamosi huwa tunakwenda sokoni pamoja. Tukishatoka mlangoni yeye hupunguza mwendo, hukaa hatua chache nyuma, na nikimngoja hunipungia mkono nitangulie. Miaka yote nimekuwa nikidhani ni magoti.