Shati la Askari

Kila ninaponusa sabuni ya mche dukani, hasira hunipanda. Wakati wa vita mama aliwafulia askari wa kambi ya Jinja. Baba alikuwa amekwama Mbale kwa sababu barabara zilifungwa, nasi tuliishi kwa mikono ya mama iliyochubuka.

Asubuhi moja mdogo wangu mchanga alikuwa na homa. Mama alimshusha mgongoni, akaketi kando ya beseni, akaanza kumnyonyesha. Akaja askari mwenye bunduki begani.

"Mama, nguo yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya maji, afande. Mtoto iko mgonjwa. Ngoja anyonye."

"Mimi nangoja mtoto? Simama, fua."

Mama hakusimama. Askari akalipiga beseni teke, povu likaniingia machoni. Niliogopa hata nikajikojolea.

"Piga na mimi basi," mama akasema. "Lakini kesho nani atafua?"

Askari akaokota shati lake lililolowa, akalivaa vilevile, akaondoka akitukana.

Mama alimhamishia mtoto titi la pili, akaegemea ukuta na kufumba macho.

"Usiniite," akaniambia. "Na mimi nimechoka."