Nilisema Zitafika

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaelekeza wanafunzi kuchagua kozi za chuo kikuu katika shule yetu ya kutwa, karibu na Kianjokoma. Kazi yenyewe si ngumu. Unachukua pointi za mtoto, unazilinganisha na zile zilizowaingiza wa mwaka uliopita, kisha unamwambia ukweli. Hapo kwenye ukweli ndipo nilipokwama.

Mwaka huo msichana mmoja alipata A-, alama ambayo shule yetu haikuwa imewahi kuiona. Kabla sijaketi naye, wazazi wake, wakulima wa majani chai, walimfanyia ibada ya shukrani. Mchungaji alimsimamisha mbele, akina mama wakamfunga leso, na tangu siku hiyo hakuitwa tena kwa jina. Akitumwa dukani, daktari. Akienda kuchota maji, daktari. Nami nilikuwa kiti cha mbele, nikipiga makofi kama mtu asiyejua hesabu.

Jumatatu walikuja ofisini wote watatu. Nilifungua kompyuta. Udaktari, alikuwa amepungukiwa karibu pointi mbili katika kila chuo. Uuguzi, alikuwa amevuka bila shida. Nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba tungeweka uuguzi walau kwenye chaguo la pili.

Mama yake alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Madam, watu wote wameshamwita daktari. Sasa tutawaambia aje?"

"Tumeomba," baba akasema. "Kuweka hiyo ingine ni kumwambia Mungu hatumwamini."

Mimi huimba kwaya katika kanisa hilohilo. Niliogopa kuitwa mtu wa imani haba, na sina sababu nyingine ya kujipamba nayo. Msichana hakuitazama kompyuta. Alinitazama mimi.

"Madam, zitafika?"

"Zitafika," nikasema, nikajaza udaktari kila nafasi.

Hazikufika. Awamu ya pili ya kuchagua kozi ilipofunguliwa, uuguzi ulikuwa umejaa kote, na kozi zilizobaki baba hakutaka hata kuzisikia. Mwaka uliofuata akaamuru wajaze udaktari tena, kwenye saiba, duka la intaneti la mjini, bila kunishirikisha. Wakakosa tena. Kanisani watu waliacha kumwita daktari, lakini jina lake hawakulirudia. Walikuwa wananyamaza tu akipita, mpaka akaacha kuja. Mimi nikaendelea na kwaya, na aibu yangu nikaificha vizuri.

Mwezi uliopita nilikuwa Meru kwa shughuli zangu, nikamkuta msichana yule soko la Gakoromone, akiuza nyanya kwenye kibanda cha shangazi yake. Nilimsalimu, kisha nikaanza kumimina maneno: kwamba bado ni mdogo, kwamba kuna vyuo vya kati, kwamba ninaweza kumsaidia kujaza fomu. Alinisubiri nimalize, huku akipanga nyanya mafungu ya nne nne.

"Siku ile ulijua?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, nilijua.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ningejua pa kushika. Alimpa mteja chenji yake, akafuta mikono kwenye aproni.

"Si ungeniambia tu, madam," akasema. "Ningelia siku moja."