Siku Walipolifukia Korongo Langu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na barua ya kukubaliwa chuo kikuu kusomea shahada ya pili ya sayansi ya mazingira, na sikuwa na mtu wa kunilipia. Nilifundisha biolojia katika shule ya kutwa karibu na Kola. Nilikuwa mwalimu wa kuajiriwa na wazazi, yaani yule ambaye mshahara wake huja kama mvua ya Ukambani, kwa kubahatisha. Chuo kilikubali kunishikia nafasi hadi Septemba iliyofuata. Baada ya hapo angepewa mwingine.

Niliandika barua za kuomba ufadhili kila mahali nilikopata anwani. Majibu yalikuja kwa adabu kubwa, na wote walisikitika. Nilizichukia hizo barua za kusikitika mpaka nikaanza kuziwashia jiko.

Aliyenifungulia njia ni mzee mmoja Msomali, muuza vitambaa mjini Machakos. Kwetu hakukuwa na simu, kwa hiyo nilikuwa nikiwapa wafadhili namba ya duka lake, naye akaichukulia kazi hiyo kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Alianza hata kuniwekea magazeti. Jumamosi moja, kabla sijamaliza kumsalimu, alinisukumia gazeti juu ya kaunta.

"Mwalimu, hii ni yako. Imesema mazingira. Mimi nimesoma mara tatu, haijasema kitu ingine."

Kweli tangazo lilikuwa langu. Ufadhili kamili kwa wanafunzi wa sayansi ya mazingira, kwa sharti moja: mwombaji awe amepima mwenyewe tatizo fulani la ardhi kwa misimu miwili ya mvua. Nilicheka kwa sauti katikati ya majora ya vitambaa, kwa sababu msimu mmoja nilikuwa nao tayari.

Chini ya shamba la mama kulikuwa na korongo, na kila mvua iliponyesha lilizidi kulimega shamba. Nilikuwa nimepigilia humo vigingi vya chuma, vichwa vyake nimevipaka rangi nyekundu, na kuvuta kamba kutoka kimoja hadi kingine ili nisiupoteze mstari. Kila baada ya mvua nilipiga magoti na rula, nikaona udongo umeshuka kiasi gani kwenye kila kigingi, nikaandika daftarini. Sasa zilibaki mvua za mwisho wa mwaka tu. Nikamwambia mama neno moja: korongo lisiguswe.

"Mwaitu," nilimbembeleza, kama Wakamba tunavyomwita mama, "ni msimu mmoja tu."

"Msimu mmoja ni mistari mitatu ya mahindi," akajibu, akaendelea kupepeta maharagwe yake.

Hiyo mistari mitatu sikuiandika popote daftarini.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kila mtu analijua. Tunachimba kwa mwethya. Kikundi, wengi wao kina mama, huenda shamba hadi shamba wakichimba mitaro ya kuzuia maji, leo kwako, wiki ijayo kwangu, na mwenye shamba huwapikia. Lakini kabla ya majembe huja afisa wa kilimo, akapigilia vigingi na kuvuta kamba kuonyesha mahali pa kuchimba. Vigingi vikishasimama, kazi imeitwa. Mimi niliyezaliwa hapo, nikaenda nikasoma mpaka digrii, sikulifikiria hilo hata siku moja.

Kina mama walikuwa wakipita njia ya juu wakiniona nimepiga magoti korongoni, wiki baada ya wiki. Walijadiliana. Walikubaliana kwamba mwalimu amepigiwa vigingi, ila anaona haya kuwaita kwa sababu hana cha kuwapikia. Basi siku niliyoenda mjini kutuma fomu ya ufadhili kwa posta, walikuja wote na majembe, na chakula chao wakakibeba wenyewe.

Niliporudi alasiri sikulikuta korongo. Pale palipokuwa shimo palikuwa na kuta za mawe yaliyopangwa vizuri, na juu yake mitaro ya fanya juu, udongo umetupwa upande wa mlimani kama inavyotakiwa. Mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, alinijia akitabasamu, mikononi amebeba vigingi vyangu vyote vimefungwa kwa ile kamba.

"Tumekuwekea. Hii chuma ni nzuri, isipotee."

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. "Nani aliwatuma?" nikamwuliza. "Nani? Mmeniharibia maisha yangu!"

Mwenyekiti aliviweka vigingi chini polepole. "Si uliweka alama?" akasema. "Sisi tuliona alama." Kisha wakachukua majembe yao wakaenda, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Nilimgeukia mama. Hakuwa amewaita, lakini walipofika hakuwa amewakataza pia.

"Asante ya punda ni mateke," aliniambia. "Wewe ulikuwa unapenda hilo shimo kuliko shamba yangu."

Hakusema nami tena siku nne. Nami, nakiri, siku mbili za kwanza nilimshukuru Mungu kwa huo ukimya.

Mvua kubwa ilinyesha wiki iliyofuata. Nilishuka asubuhi na daftari, kwa mazoea tu. Maji yalikuwa yametulia mitaroni, na mahindi ya mama yamesimama mpaka mstari wa mwisho. Nilisimama pale viatu vikizama matopeni, nikaona aibu, aibu hasa, ile ya kutaka ardhi ipasuke ujifiche.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa mwenyekiti kuomba msamaha. Nilimweleza habari yote: fomu, sharti la misimu miwili, nafasi itakayopotea Septemba. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kumsawijika.

"Kwa hivyo tumeharibu masomo yako."

"Hamkujua, mama."

Alifikiri kidogo, akashika magoti yake. "Tunaweza kufukua," akasema. "Niko na watu. Tunatoa mawe, unapima, tunarudisha. Siku tatu, tumemaliza."

Hakuwa akitania. Nilicheka, halafu nikajikuta nalia kwenye sofa yake yenye vitambaa vyeupe, naye akaenda kuniwekea chai.

Januari niliitwa Nairobi kwa mahojiano. Ujumbe ulifika dukani, na mzee wa vitambaa aliuandika nyuma ya risiti kwa herufi kubwa. Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa na kishawishi kimoja. Ningeweza kukaa mezani nikabuni namba za msimu wa pili. Nilijua mvua ilivyokuwa, nilijua korongo lilivyokuwa, na hakuna mtu kutoka Nairobi ambaye angekuja Kola kukagua. Niliandika hata mstari wa kwanza. Nikautazama, ukanichefua, nikaukata.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Aliyeniuliza ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba.

"Takwimu za msimu wa pili ziko wapi?"

"Hazipo. Korongo lilifukiwa."

Nikawaeleza yote, mpaka ya kufukua kwa siku tatu. Wawili walicheka. Yeye hakucheka.

"Ulichimba pamoja nao?"

"Hapana. Nilikuwa mjini."

"Kwa hiyo hukupima, na hukuchimba."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli. Nikamwambia nilipima kitu nisichostahili kupima. Nilikuwa nikihesabu udongo unavyoondoka na mama yangu akiwa amesimama kando yangu, naye anapoteza mahindi. Kama wangenisomesha, ningepima udongo unavyobaki, na ningeanza kwa kuwauliza waliouzuia. Aliandika kitu, akanishukuru kwa kuja. Nilirudi Machakos nikiwa na hakika nimefeli.

Simu ilipigwa mwezi wa pili. Mzee wa vitambaa alifunga duka mchana kweupe, akaja mwenyewe hadi langoni mwa shule kuniambia nimepata. Nilipiga kelele mbele ya wanafunzi wangu wote, na wakapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Baadaye ilikuja fomu ya mwisho. Utafiti wangu ungefanyika kwenye mitaro ya kikundi kile, kwa hiyo wafadhili walitaka kiongozi wa jamii akubali kwa sahihi. Niliipeleka siku ya mwethya. Mwenyekiti alifuta mikono kwa leso, akaniambia nisome kwa Kikamba, yote, kwa sauti, na kina mama waliosimamisha kazi wakaketi kwenye ukingo wa mtaro. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Nilisoma kurasa sita juani.

Nilipomaliza mwenyekiti aliuliza, "Mahali imesema utarudi ni wapi?"

"Imesema miaka miwili, mama. Hapa."

"Miaka nimesikia. Nimeuliza kurudi."

Nilipekua kurasa zote sita. Hapakuwa na mahali. Nikachukua kalamu, nikaandika chini kabisa, kwa mkono wangu, neno moja: Nitarudi. Nikamwonyesha. Akamwita mama yangu alisome, na mama, aliyesoma mpaka darasa la nne, akalifuata kwa kidole herufi moja moja, akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo mwenyekiti akapaka wino kidole gumba. Kisanduku cha sahihi akakiacha kitupu, akabonyeza juu ya neno langu.