Urani, Suruali na Barua ya Posa

Shangazi yangu alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Barua ya posa ilipofika nyumbani kwetu Kariakoo, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, hakutupa raha. "Mtoto wa kike anasomea mawe! Atayapika?" Baba, fundi cherehani wa pale barazani, akamjibu tungoje kwanza alama zangu za fizikia. Nikaelewa: nikianguka, naolewa.

Kazi yenyewe ya kupata alama hizo ilikuwa kukadiria ni muda gani utapita mpaka nusu ya viini vya urani, yale mawe ya shangazi, viwe vimevunjika kwa kurusha chembe za alfa. Kiini kimoja huwezi kubashiri kitavunjika lini, lakini kundi zima unaweza. Balaa ni kwamba nishati inayotolewa ikipungua kidogo tu, muda unarefuka vibaya mno. Jibu langu lilizidi la kitabuni mara nne. Nilirudia siku tatu, nikachana karatasi, nikalia mbele ya wateja wa baba. Eti msomi!

Baba akasimamisha cherehani. "Hebu nieleze, mama, kama unavyomweleza mteja."

Nikamweleza kwa hasira hasira: kiini kinarusha chembe, chenyewe kinasukumwa nyuma kidogo.

"Na huko kusukumwa nyuma umekuhesabu?"

Nikalivuta daftari langu.

"Maana suruali ikibana, mimi naangalia kwanza kama ilikatwa bila kuachiwa nafasi ya mshono. Kile kitambaa hakionekani, lakini kimo."

Yarabi! Nilikuwa nimechukua nishati ya chembe peke yake, na kanuni inataka nishati yote. Nikaongeza ile kidogo ya kiini, nikafungua jedwali la logi, jibu likakaa sawasawa. Nilimkumbatia baba mpaka futi yake ya kupimia ikaanguka toka shingoni.

Alama zilipotoka, nilishuka basi Mnazi Mmoja nikakimbia mpaka barazani.

"Baba, nimefaulu! Sasa waandikie wale watu wa posa."

Akaendelea kutunga uzi kwenye sindano. "Wale? Niliwajibu siku ileile barua ilipofika. Niliwaambia binti yangu bado anasoma."

"Na habari ya kungoja alama?"

"Hiyo ya shangazi yako, apate kunyamaza."

"Na mimi nilivyoteseka, baba!"

"Si ungeniuliza, mama."

Nikakaa chini palepale kwenye vipande vya vitambaa, nikalia. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba baba angeweza kuwa upande wangu hata ningeanguka.