Bunda Lililopigwa na Jua

Unacheka nini? Hujasikia hata neno moja, meno yote nje. Ngoja nimalize, ndipo ubishe.

Nilipokuwa mtoto hapa Kaloleni, baba yangu akifanya kazi ya reli, alikosana na kaka yake juu ya shamba la kwetu Meru. Miaka mitatu hawakusalimiana, na baba mkubwa alikaa Makongeni, hapo tu. Nyanya akachoka nao. Akaja Nairobi amekumbatia bunda la miraa ndani ya majani ya mgomba. Kwetu huombi msamaha mikono mitupu. Unatoa miraa, na aliyekosewa akiitafuna, maneno yamekwisha.

Akaliweka kando ya mtungi wa maji, akaniambia, "Usilifungue. Jua likiiona miraa, roho yake hurudi mtini. Ukimpa mtu miraa isiyo na roho, umemtukana."

Nilikuwa na miaka tisa, nataka mwanasesere. Jani la mgomba Kaloleni ningelitoa wapi? Walipokwenda kanisani nikalivua bunda, nikaanika miraa dirishani kama nguo, nikakaa kusuka mtoto wangu kwa majani ya ndani. Niliposikia sauti zao nikaifunga upesi kwa jani la nje.

Alasiri baba mkubwa akaja, baba amemwita wapatane. Akatafuna kijiti kimoja, akatema sakafuni.

"Mama, umeniletea kuni?"

"Ni mbichi, imekatwa jana tu asubuhi, mwanangu."

"Basi huyu ndugu yangu ameichezea. Ameniita kwake kunilisha mzoga!" Akavaa kofia yake, akaenda.

Nyanya akageuka. "Nani amelifungua?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Baba na kaka yake hawakusemezana tena. Siku baba mkubwa alipozikwa, baba alikwenda kazini kama kawaida. Nami nikajifariji miaka zaidi ya arobaini kwamba ni ushirikina wa ajuza. Ndugu hawaachani kwa sababu ya jani.

Juzi mjukuu wangu Kendi, anayesomea kemia chuo kikuu, ambaye nilimsimulia kisa hiki bila kusema nani alilifungua bunda, alikuja na karatasi zake. Alikuwa amechukua majani mabichi ya miraa, nusu akayafunga kwa mgomba, nusu akayaanika. Akakamua dawa iliyomo, akaidondosha kwenye kibao cheupe.

"Ona picha hii, shosh. Doa hili ni la yale ya mgomba. Hili la juani limefifia hata kuliona ni shida. Ile kemikali kali inavunjika, inabaki nyingine dhaifu. Nyanya yako angekuwa hai ningempa digrii yangu!"

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nawaza kwamba neno moja siku ile lingetosha. Nyanya angerudi Meru akalete bunda jingine. Miguu alikuwa nayo.

"Lakini shosh," akasema, kalamu mkononi, "lile bunda la kina babu, nani alilifungua?"

"Mimi."

Kalamu ikasimama. Wote waliostahili kulisikia neno hilo wako udongoni. Nikainuka, nikatoka, nikafunga mlango.