Kijiko cha Jego

Niliondoka Kinondo kwa sababu moja: timu yangu ilikuwa inafungwa mno. Zamani nilikuwa mshambuliaji, na kocha wa namna hiyo huwafundisha watu kufunga, akasahau kuwa nao wana lango. Mtu niliyemtaka aje aninolee kipa wangu alikuwa kijijini Jego: Bakari, kipa bora niliyepata kukutana naye. Taabu ni kwamba bao langu ndilo lililomfanya aache mpira, na bao lenyewe nililifunga kwa mkono. Refa hakuona. Watu wa Jego wakasema Bakari alilala langoni, nami miaka kumi na miwili sikufungua kinywa.

Alfajiri, baada ya sala, nikafunga sukari kilo mbili na majani ya chai, maana mkono mtupu haulambwi. Lori la saruji likanipakia. Barabara ilikuwa bado na mashimo ya zile mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba, na goti langu bovu halikusamehe hata moja.

Ramisi, katikati ya miwa, tulisimama kubadilisha gurudumu. Dereva, mtu wa bara, akaniuliza, "Si ungempigia tu simu huyo kipa?"

"Jambo hili halisemeki kwa simu, mwanangu."

Kusema kweli, nilikuwa naogopa.

Lunga Lunga nikashuka, nikabebwa kwa baiskeli, na adhuhuri nikafika Jego. Bakari alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, ndugu yangu! Umepotea!"

Mkewe, Mwanasha, akaleta sinia ya wali na samaki wa kupaka. Akamnawisha mumewe, akawanawisha majirani wawili. Aliponifikia mimi, akaupita mkono wangu, akanipa kijiko.

"Mkono wako, shemeji, una kazi zake," akasema taratibu.

"Watu wa Kinondo wamezoea vijiko vya mahoteli ya Diani," jirani mmoja akanitetea.

Lo! Yeye hakuelewa, mimi nilielewa. Bakari alikuwa anautazama wali tu. Nilikula kwa kijiko kile, na aibu ikanijaa.

Alasiri, watu walipotoka msikitini, nikawaomba wasimame kidogo.

"Jamani, lile bao nililifunga kwa mkono. Bakari hakulala. Nilinyamaza, na naomba radhi kwake na kwenu."

Mzee mmoja akauliza, "Mkono upi?"

Nikauinua wa kulia.

"Astaghfirullahi! Wa kulia tena!"

Wakaangua kicheko wote, na Bakari naye, huku akijifuta machozi. Ndipo nikapata moyo wa kumwomba aje Kinondo. Alisema atamwuliza kwanza mwenye nyumba, yaani Mwanasha.

Asubuhi ya pili Mwanasha akaleta mahamri na mbaazi. Nikatafuta kijiko kwa macho, sikukiona. Alikuwa amesimama na birika la maji.

"Lete mkono, shemeji."

Akaninawisha polepole, kidole kwa kidole. Nyuma yake Bakari alikuwa anakunja nguo zake, anazitia mkobani.

Tulirudi wawili. Nimejifunza kwamba bao la wizi humfunga yule yule aliyelifunga. Jumamosi yake tulishindwa tena, lakini kwa bao moja tu, la kichwa. Nikageuka kumtazama Bakari pembeni mwa uwanja.

"Halali," akasema, na tangu nizaliwe sijafurahia kufungwa namna ile.